Mnafu wa Shimo la Moramu

Kama una jani lako unalipenda, nikabidhi mimi. Sisemi hivi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo: kuanzia Karatu mjini mpaka huku Malambo hakuna mlinzi wa majani kama mimi, Qamara. Benki zinaibiwa, nyumba ya padri inaibiwa, lakini jani likiwa mikononi mwangu linazeeka kwa amani, linanyauka kwa wakati wake, na linaanguka kati ya ndugu zake. Hata dada Bernadina aliponihoji kwa ajili ya kazi hii nilimwambia hivyo hivyo. Alicheka, akasema, "Haya, mlinzi. Ila ujue kule hakuna chipsi."

Nikajua ananitania.

Kazi yenyewe ni hii. Zamani kidogo mkandarasi mmoja wa barabara alikuja kuchimba moramu karibu na maboma ya watu wa upande huu. Alikuta kilima, akaondoka nacho, akaacha shimo. Usifikirie shimo la kutumbukia. Hili ni shimo la kutembelea, pana kama viwanja viwili vya mpira, sakafu yake nyekundu na ngumu kiasi kwamba maji ya mvua yalikuwa yakifika pale yanateleza na kwenda zake. Hakukuota kitu. Hata miiba ilipakataa.

Mradi wa dada Bernadina wa kurudisha uoto ulipokuja, greda lilisukuma kingo zikawa mteremko, na udongo mweusi uliokuwa umerundikwa pembeni ukarudishwa juu. Halafu wakafanya jambo ambalo ukilisimulia Karatu watu wanaangalia kama unayumba: walilaza ng'ombe. Walijenga boma la muda la miiba mle shimoni, ng'ombe wakawa wanalala humo, wanakojoa, wanakunya, wanakanyaga. Sehemu moja ikishiba, boma linasogezwa pembeni kidogo, wanalala tena. Shimo lote lilipokwisha kulaliwa, wakamwaga mbegu za majani, wakalizungushia uzio wa matawi ya miiba, wakaangalia mawingu.

Mvua ikanyesha. Majani yakaota. Na mimi nikaajiriwa kuyatazama.

Kwenye mkataba wameandika "ufuatiliaji wa uoto." Lembris, ambaye ni mlinzi wa uzio na tunalala naye hema moja, anasema ni kulipwa ili ukae uangalie majani yakirefuka. Lembris ni morani wa rika langu, ana shuka jekundu, raba za kukimbilia, na simu iliyojaa nyimbo za Arusha. Jina langu limemshinda, ananiita Kamara. Mimi nimemzoesha kwamba naangalia kisayansi. Ndani ya shimo kuna viwanja vidogo vya mraba, kila kimoja ukubwa wa kitanda, vimewekewa vigingi na kamba. Ninapiga picha kila kimoja kutoka kigingi kile kile, nikielekea upande ule ule, halafu nakadiria udongo umefunikwa kiasi gani. Jani la kupandwa, jani la kujiotea, gugu, kila kijani kinachofunika udongo kinahesabika.

"Sasa ukishajua umefunikwa, unafanya nini?" Lembris aliniuliza siku za mwanzo.

"Naandika."

"Na usipofunikwa?"

"Naandika pia."

"Kamara, kaka, kazi yako ni nzuri. Niombee na mimi."

Lakini kulikuwa na watu ambao hawakuona mzaha kwenye hilo shimo, na wa kwanza ni Yeyo Nashipai. Yeyo maana yake mama, na huku mwanamke wa umri wake huwezi kumwita jina tupu kama unamwita konda. Boma lake ndilo la karibu zaidi na shimo. Ng'ombe wake wakubwa karibu wote walikuwa wamepelekwa na mwanawe juu kuelekea Nainokanoka, nyumbani wamebaki wawili wa kukamuliwa, ndama na mbuzi. Ndama wake wawili hali yao ilikuwa siyo. Ukiwaona wakisimama unapata hamu ya kuwasaidia.

Wazee walikuwa wameshakubaliana na mradi kwamba shimo liwe olopololi, yaani malisho ya karibu na nyumbani yanayofungwa kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa. Masharti yalikuwa wazi kwa kila mtu. Nusu ya udongo kwenye viwanja ikishafunikwa, uzio unafunguliwa, ndama wanaingia kwa zamu, na waliodhoofu ndio wanatangulia. Ila mwenye mnyama atakayeingia kabla ya kufunguliwa, ndama zake wanapelekwa mwisho wa zamu. Mwisho wa zamu maana yake ni kukuta vijiti.

Kwa hiyo Yeyo Nashipai alikuwa anapita karibu kila siku kwenye ukingo wa shimo, simu inaning'inia shingoni, anaangalia chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi kwangu.

"Yanaota?" anauliza.

"Yanaota, yeyo."

"Haya. Yaangalie vizuri."

Basi. Anaondoka. Nami nayaangalia vizuri.

Sasa tuje kwenye habari ya tumbo. Huko Karatu mimi nimelelewa na ugali na mboga. Mama yangu akipika bila mboga ya majani tunauliza nani amefariki. Malambo nilipokelewa kwa maziwa ya boma la karibu asubuhi, maziwa jioni, ugali kwa maziwa, na mbuzi ikitokea sherehe. Ni chakula kizuri, sitaki kesi na mtu. Lakini ilifika mahali nikawa naota sukuma wiki. Dukani kulikuwa na sabuni, majani ya chai, betri, na vitunguu vilivyochoka na safari. Kijani pekee ilikuwa ni rangi ya mlango.

Ndipo kwenye kiwanja cha pembeni kabisa, kule ambako boma la ng'ombe lilikaa kwa muda mrefu kuliko kwingine, ukaota mnafu.

Na siyo mnafu wa kukonda. Mnafu wa samadi! Majani mapana, meusi kwa ubichi, laini, umejaa kiwanja kizima mpaka kamba haionekani. Wa Karatu ukinunuliwa sokoni ukiwa hivyo, mama anawaita majirani waje kuuona. Nilipiga picha yangu. Nikaandika kwamba udongo umefunikwa wote. Kisha nikachuchumaa nikauangalia tena, safari hii bila sayansi.

Akili yangu ilinipa hoja nzuri sana. Mosi, wenyeji hawali mnafu, kwa hiyo siwaibii. Pili, ndama hawakuahidiwa mnafu, waliahidiwa majani. Tatu, na hii ndiyo iliyonimaliza, mnafu ukichumwa unachipua. Kila mtoto wa Karatu anajua. Unachuma leo, baada ya siku chache unarudi unakuta umejaa upya, unakushukuru. Kwa maneno mengine nilikuwa nausaidia.

Sikutaka kupita mlangoni kwa Lembris, maana Lembris ni mtu wa maswali. Kule pembeni uzio ulikuwa na tawi moja lililolegea. Nikalisogeza, nikaingia, nikachuma, nikatoka, nikalirudisha. Jioni nikaukaanga kwa kitunguu na mafuta kidogo, nikamimina maziwa juu yake. Harufu ile ilinikumbusha kwetu nusura nimpigie mama.

Lembris alikaa upande wa pili wa moto akiniangalia kama mtu anayeangalia ajali.

"Unakula nini?"

"Mboga."

"Hiyo ni majani."

"Ni mboga, kaka. Onja."

"Kamara, nisikilize. Majani anakula ng'ombe. Ng'ombe anatoa maziwa. Wewe unakunywa maziwa. Ndiyo njia yake. Sasa wewe umemruka ng'ombe."

"Nimefupisha safari."

"Umetoa wapi?"

"Kule korongoni," nikasema, na nikajaza mdomo ili nisiulizwe zaidi.

Nilirudi tena, na nikarudi tena. Mnafu ulikuwa unachipua kama nilivyosema, mpaka mvua ilipokata ghafla. Hilo sikulipangia. Mara ya mwisho nilipochuma, nilingoja uchipue. Haukuchipua. Jua la Malambo likakaa pale juu ya kiwanja na kufanya kazi yake, na vile vishina vilivyobaki vikakauka vikawa kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa. Shimo lote likiwa kijani, kiwanja cha pembeni kilikuwa kipara. Nikajiambia dada Bernadina haji mpaka mwezi uishe, na mvua haiwezi kukosa kurudi kidogo.

Dada Bernadina alikuja kesho yake asubuhi.

Alifika na Landkruza ya mradi, kofia pana kichwani, buti, na uso wa kufurahi. Nyuma yake wazee walikuwa wanashuka kwa miguu, maana alikuwa amewapigia simu kwamba leo ni siku ya kupima. Kila mtu alikuwa na taarifa isipokuwa mtaalamu wa shimo. Mzee Sairowua, mwenyekiti wa malisho, alikuja na fimbo yake na simu mbili, akitaka tumalize haraka kwa sababu ana mnada. Yeyo Nashipai alikuja na wanawake wenzake, akasimama pembeni. Mbuzi wake walikuwa wametawanyika juu ya ukingo wakila vichaka.

Tulipita kiwanja kimoja baada ya kingine. Nilikuwa natembea mbele nikieleza kama mwongoza watalii aliyepewa bakshishi. Dada Bernadina alikuwa anapima mwenyewe, anaweka fremu yake, anainama, anatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Nusu imepita," alimwambia Mzee Sairowua. "Hapa imepita vizuri. Na hapa. Ng'ombe wenu wamefanya kazi, mzee."

"Tufungue basi," alisema Mzee Sairowua, akiangalia saa.

"Tumalizie hiki cha pembeni."

Nilikuwa nimepanga kuwaambia kwamba cha pembeni ni cha ulinganisho wa kisayansi. Nilifungua mdomo. Lakini dada Bernadina alikuwa ameshafika, amesimama, mikono kiunoni, akiangalia kipara kile.

"Qamara. Hapa si ndipo uliponitumia picha ya kijani kitupu?"

"Ndipo."

"Kimeliwa na nini?"

Ningeweza kusema jua. Jua lilikuwa pale pale, lisingekataa. Ningeweza kusema panzi. Lakini ulimi wangu una haraka kuliko mimi, ukasema, "Mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

Hapo sikusema kitu, naapa. Niliinua macho tu, kama mtu anayefikiri. Na palipokuwa na macho yangu, juu ya uzio, alikuwa amesimama mbuzi mweupe mwenye sikio moja lililokatwa, anatafuna taratibu, anatuangalia. Watu wote waligeuka kufuata macho yangu. Katika Malambo yote kila mtu anamjua yule mbuzi ni wa nani.

Mzee Sairowua akaacha kuangalia saa.

"Nashipai," alisema kwa Kiswahili, ili dada Bernadina asikie, "mbuzi wako ameingia?"

"Anasema ameingia?" Yeyo Nashipai aliuliza, akiniangalia mimi.

Hakupandisha sauti. Angenipigia kelele ningepata pa kujishikia. Aliuliza kama anavyouliza yanaota.

"Sijasema ni huyo," nikasema. "Nimesema ni mbuzi. Inaweza kuwa mwingine."

"Mbuzi wengine wote hapa wanachungwa kule bondeni," alisema Mzee Sairowua. "Wanaopita juu ya shimo ni wa Nashipai." Akashusha pumzi. Naye ilimuuma, nilimwona. "Tulikubaliana. Kama mbuzi ameingia, ndama zako wanakwenda mwisho."

Wanawake waliokuwa naye wakaanza kusema kwa Kimasai, haraka haraka. Neno nililolielewa ni lile la ndama. Yeyo Nashipai akainua mkono wakanyamaza.

"Ameingilia wapi?" akaniuliza. "Nionyeshe."

Na hapo ndipo nilipojiona nina akili. Maana tundu lilikuwepo! Nikawaongoza mpaka kwenye lile tawi lililolegea, nikalisogeza kwa mguu likaachia wazi, nikasema, "Hapa. Tazama hata udongo umekanyagwa."

Lembris aliinama akaliangalia tundu lile. Kisha akasimama karibu nalo, akajipima. Lilimfika begani.

"Mbuzi huyu," alisema, "anaingia akiwa amesimama kwa miguu miwili?"

Watu wakacheka, hata mimi nikacheka, kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikasema mbuzi wa siku hizi wamebadilika. Nikasema wanapanda mpaka juu ya miti, kwa nini washindwe uzio. Niliongea, niliongea. Dada Bernadina alikuwa ananitazama bila kucheka, na kila nilipomaliza sentensi alikuwa kama anangoja nyingine.

Nikaona hii kesi inahitaji heshima ya kienyeji. Nilikuwa nimewahi kuwaona wazee kwenye mkutano, mambo yalipopamba moto mmoja wao akainama akang'oa majani, akayashika mkononi, akasema, na watu wote wakatulia. Nikajua hicho ndicho kiapo chao. Mtu akishika majani, maneno yake ni mazito, hayapingwi. Basi nikainama, nikang'oa konzi nzuri ya majani ya mradi, nikayainua juu kama mwenge.

"Mimi Qamara," nikasema, "nasema mbele yenu wote."

Hakuna aliyengoja kusikia ninachosema. Mzee Sairowua alirudi nyuma hatua moja. Mama mmoja akaweka mkono mdomoni. Lembris alinisogelea mpaka sikioni.

"Kamara," alinong'ona, "nani anakupiga?"

"Hakuna anayenipiga. Naapa."

"Hiyo siyo kuapa. Kwetu mtoto akichapwa, akiwahi kung'oa majani akayashika hivyo, mzazi anaacha fimbo. Ni kuomba amani. Ni mtu aliyekosa."

Nikataka kuyashusha. Lakini ukishayainua, unayashusha vipi? Ukiyatupa ni kama unaitupa amani yenyewe. Nikabaki nimeyashika, mkono hewani, kama abiria aliyesahaulika kituoni.

Yeyo Nashipai alikuja mbele. Alikuja polepole, watu wakampisha. Akasimama karibu yangu, akayaangalia majani mkononi mwangu, kisha akaniangalia mimi. Nilitegemea hasira. Alikuwa anabana midomo, kama mtu anayezuia kitu kisimtoke.

"Umeshika majani," alisema. "Vizuri. Hapa hakuna atakayekupiga tena, hata mimi siwezi. Sasa tuambie umekosa nini."

"Yeyo, mimi nilidhani..."

"Nilikuwa nangoja," alisema. "Nilisema, huyu ni mgeni, ni mtoto wa watu, nimwache aseme mwenyewe. Ukasema mbuzi. Nikasema, nimwache, atarudi. Ukatupeleka mpaka kwenye tundu. Mwanangu, ungeendelea kidogo ungetuonyesha na kwato."

Lembris akaziba uso kwa shuka.

Yeyo Nashipai akamgeukia Mzee Sairowua. Aliongea kwa Kiswahili chote, taratibu, asiache mtu nyuma, na hasa asimwache dada Bernadina.

"Nilikuwa namtafuta ndama jioni. Nikamkuta mbuzi wangu pale juu, nje ya uzio, anaangalia ndani, hatafuni. Nikashangaa, huyu mbuzi anaangalia nini? Nikaangalia na mimi. Ndani ya kamba kulikuwa na mtu. Amepiga magoti, anachuma majani kwa mikono yote miwili, anaimba wimbo wa kanisani."

Mzee Sairowua alinigeukia. Dada Bernadina alinigeukia. Nadhani hata yule mbuzi.

"Mbuzi wangu," alisema Yeyo Nashipai, "haimbi."

Kicheko kilichotoka pale shimoni naamini kilifika Enguserosambu. Wanawake walishikana mabega. Mzee Sairowua alilazimika kuegemea fimbo yake, akafuta macho, na akasahau mnada. Alipopata tena pumzi, akamnyooshea Lembris fimbo kumwambia afungue mlango wa uzio, na akatamka mbele ya wote kwamba ndama wa Nashipai ndio watakaotangulia leo.

Dada Bernadina peke yake alikuwa bado hajacheka. Alinisogelea, akayatoa yale majani mkononi mwangu moja moja kwa uangalifu kama anavyofanya na sampuli zake, akaniuliza kwa sauti ya chini, ya ofisini:

"Na huo mnafu uliupika na nini?"

"Na maziwa," nikasema.

"Ya nani?"

Nikaangalia juu, kwenye ukingo wa shimo, ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia. Yeyo Nashipai ndiye aliyejibu.

"Yangu," alisema.